Kinaya, kejeli, dhihaka: mbona mvua ya harusini nimepewa kosa?

DadaWaKibanda

Wakuu habari za usiku, wakubwa zangu shikamooni. Mi narisiti kidato cha nne mwaka huu, nina miaka 31 na watoto wawili, mchana nipo kibandani nauza vocha na kuhudumia watu wa kutuma hela, jioni nafunga nakimbilia tuisheni. Sasa wiki hii tumepewa jaribio la fasihi, swali moja lilikuwa toa mifano mitatu ya kejeli halafu ueleze kwa nini ni kejeli. Nikaandika hivi. Wa kwanza, harusi ya binamu yangu mwezi wa nne ilipigwa na mvua mpaka maturubai yakabebwa na keki ikalowa. Wa pili, jirani yangu ni fundi viatu lakini viatu vyake mwenyewe vimeachama mbele kama mdomo wa mamba. Wa tatu, mdogo wangu alivunja glasi nne akiosha vyombo nikamwambia hongera sana, umetupunguzia za kuosha kesho.

Majibu: mvua kosa, tena kosa kubwa la kalamu nyekundu. Fundi viatu kawekewa alama ya kuuliza. Glasi nimepata ila pembeni kaandika "dhihaka". Nikamfuata mwalimu kumuuliza akasema someni notisi, muda umeisha. Na kwenye grupu letu kuna mwenzetu ana vitabu vya Kenya, anasema hiyo yote inaitwa kinaya na kejeli ni kitu kingine. Sasa nishike lipi? Kwani mvua kuharibu harusi ya watu si kinyume cha walivyotarajia? Si ndo maana yake hiyo? Na atakayenielewesha naomba anipe mifano ya kwenye Ngoswe maana ndo tamthiliya pekee niliyoisoma nikaimaliza.

Mtu_Pori

Dada swali lako jepesi sana. Rudi tu kwenye notisi za huyo mwalimu wako, inaonekana zimeeleza vizuri kupita kiasi, ndo maana umefika hapa saa nne usiku ukiwa huna swali hata moja.

DadaWaKibanda

Asante sana kaka, kumbe ni mimi tu sijatulia. Ngoja nizisome tena usiku huu huu.

MwalimuWaMakueni

Hujambo dada, na hongera kwa kurudi darasani (hii hongera ni ya kweli, si ile ya glasi). Mimi nafundisha Kiswahili huku Kenya, karatasi ya tatu ya fasihi nimeisahihisha miaka mingi, na hilo kosa lako la mvua naliona kila mwaka kwa hivyo usijilaumu.

Kwanza majina. Huku kwetu kinaya ndicho kile ambacho kinachosemwa au kinachotokea kinakwenda kinyume na kilichotarajiwa, halafu kejeli na dhihaka tunaziweka upande wa kumcheka mtu, kumdunisha. Vitabu vyenu vya Tanzania nimeviona, vingi vinasema kejeli ni kusema kinyume cha unachokusudia, na dhihaka ni kumshusha mtu kwa mafumbo. Kwa hivyo mwenzako wa grupu hajakosea na mwalimu wako hajakosea, wanavuka mpaka tu bila kugonga muhuri. Mtihani ni wa kwenu, andika lugha ya vitabu vya kwenu. Na usiniulize tashtiti, maana huko kwenu naona inafundishwa kuwa ni swali la mtu anayelijua jibu, kama kumuona Amina amesimama mbele yako halafu unamuuliza "Amina, umekuja?", huku wengine tunaita tashtiti ule utunzi mzima wa kuchekea maovu ya jamii. Neno moja, kazi mbili. Tuyaache.

Sasa mvua. Mvua ya mwezi wa nne ni masika, ni nani hakuitarajia? Hiyo ni bahati mbaya, na pengine uzembe wa kamati ya harusi. Si kila kitu kibaya kinachotokea siku nzuri ni kinaya. Lakini hebu tuigeuze kidogo. Tuseme binamu yako alipanga harusi Aprili, wazee wakamwambia hapana mvua itatuharibia, wakaisogeza mpaka Agosti, wakapoteza malipo ya ukumbi, wakagombana na upande wa bibi harusi, halafu ile Jumamosi ya Aprili jua likawaka mpaka mbuzi wakatafuta kivuli, na ile Jumamosi ya Agosti ikashuka mvua ya kubeba turubai. Hapo nakupa alama zote. Umeona tofauti? Mvua ni ileile. Kilichoongezeka ni kwamba jitihada yao ya kukwepa jambo ndiyo iliyowapeleka penye jambo lenyewe.

Fundi viatu mimi ningekupa alama, wala sioni ya kuuliza. Wahenga walishalimaliza kwa maneno mawili, mganga hajigangi. Ila ulitakiwa ueleze. Mtu anayetutengenezea sisi viatu ndiye tunayetarajia awe na viatu vizuri kuliko wote, na kumbe ni kwa sababu anatengeneza vya wengine kutwa nzima ndipo hapati muda wa vyake. Bila hiyo "kwa sababu" umebaki umemsema jirani tu.

Babu_Chumbageni

Assalaam alaykum nyote. Nimesoma maneno ya mwalimu nimeyapenda ila naongeza yangu kidogo, maana mimi si mwalimu ila nimekulia Tanga kwenye nyumba ya wanawake saba, kejeli nimenyonya.

Hili neno kinaya lina safari yake. Tuliosoma kidogo vitabu vya Kiarabu tunalijua kwenye elimu ya balagha, yaani elimu ya ufasaha wa kusema, na huko halina maana hii mnayoitumia. Huko kinaya ni kutaja kitu ukikusudia kingine kinachoambatana nacho, mfano wao maarufu ni kumsifu mtu kwa kusema ana majivu mengi. Majivu mengi maana yake jiko lake halizimiki, jiko halizimiki maana yake wageni hawakatiki, wageni hawakatiki maana yake mkarimu. Hakuna kinyume hapo, ni kuzunguka tu. Likaja kwetu likatulia na maana ya kinyume. Silalamiki, maneno hutembea, ila nikisikia vijana wanapigana ngumi nani ana neno sahihi nacheka.

Turudi kwenye glasi. Mwalimu wako kuandika dhihaka pembeni mimi namuelewa, kwa sababu kejeli na dhihaka lazima iwe na mtu wa kuchomwa. Ile hongera yako ilikuwa na njia, imetoka kwako imekwenda kwa mdogo wako imempata. Kinaya hakihitaji mtu. Fundi viatu hakuna aliyemsema, viatu vyenyewe vimejisema.

Marehemu bibi yangu alikuwa hagombi na mtu. Mwezi wa Ramadhani mkwe wake akichelewesha futari, adhana imeshatoka, watu wameshika tende mkononi wanaangalia jikoni, bibi anaita kwa sauti laini kabisa, "Usijitaabishe mwanangu, tutakula daku." Basi. Maneno ya huruma, sauti ya huruma, na jikoni unasikia masufuria yanaanza kugongana. Ukiliandika lile neno kwenye karatasi ukampa mtu wa mbali atasema bibi alikuwa mpole sana. Ndo maana vijana wa siku hizi mkiandikiana kwenye simu mnagombana, kejeli inataka sauti, inataka jicho, inataka mtu ajue kwamba daku ni ya alfajiri na sasa hivi ni magharibi. Anayeisikia lazima awe na kile kitu kisichosemwa.

Na kuna nyingine tunaita kumvika mtu kilemba cha ukoka. Hii ni mbaya zaidi. Unamsifu mtu sifa za uongo na yeye anazipokea, anatembea nazo, wenzie wote wanaona majani yananing'inia kichwani yeye anajua kavaa hariri. Dar es Salaam wanasema kumsanifu mtu. Kwenye kejeli ya bibi aliyesemwa alikuwa anajua. Kwenye kilemba cha ukoka asiyejua ni mmoja tu.

Halafu kwa kuwa mmetaja vitabu, sisi watu wa Tanga hatuwezi kuondoka bila kumtaja mzee wetu Shaaban Robert. Kusadikika, 1951. Nchi iko angani, inaelea, hakuna mtu aliyewahi kuiona, na jina lake ni Kusadikika. Kabla hujafungua ukurasa ameshakukonyeza. Na humo ndani wajumbe wanatumwa kwenda nchi nyingine kutafuta mema, wanahangaika, wanarudi nayo, malipo yao ni kifungo. Kaandika hayo nchi ikiwa chini ya Waingereza, na yeye mwenyewe mtumishi wa serikali. Angesema waziwazi ingekuwaje?

DadaWaKibanda

Babu shikamoo, nimecheka mpaka mteja kaniuliza kuna nini. Hiyo ya daku naiba. Mwalimu nimekuelewa kwenye mvua, inauma lakini nimekuelewa, na kweli kamati ilikuwa ya hovyo. Sasa hapo kwa babu ndo nimeanza kupata kitu, kwamba kuna mtu anajua na kuna mtu hajui. Ila bado sijapata ya kwenye Ngoswe jamani.

Udongo_Jukwaani

Ngoswe niachieni mimi, nimecheza Mitomingi mara mbili enzi za kikundi chetu cha sanaa, ndevu za pamba na koti la kuazima.

Dada, anza na kazi ya Ngoswe. Serikali imemleta kijijini kufanya sensa, yaani kazi yake duniani kwa siku hizo ni kuhesabu kila mtu. Akifika anamuona mmoja, Mazoea binti wa Mitomingi, na kuanzia hapo hahesabu tena mtu mwingine kwa moyo. Aliyetumwa kuwaona wote kamuona mmoja. Hicho cha kwanza. Halafu mwenyeji wake. Mzee Mitomingi ni balozi, ni mtu wa serikali pale kijijini, yeye ndiye wa kuhakikisha karatasi za sensa zinarudi salama, na yeye ndiye anayezichoma moto kwa hasira ya binti yake. Mlinzi ndiye mchomaji. Na ukitaka kumaliza karatasi yako kwa mbwembwe mtajie msahihishaji ile methali, ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Watu tunaisema kumaanisha usijiingize, mambo ya mtu ni yake. Edwin Semzaba kachukua jina lilelile akaandika hadithi ambayo mambo ya Ngoswe hayakubaki ya Ngoswe hata kidogo, mapenzi ya mtu mmoja na pombe yake yameteketeza hesabu ya taifa. Sijawahi kuona mwalimu anaifundisha hii na sijui kwa nini, ipo juu kabisa kwenye jalada.

Lakini mi nataka kusema kuhusu aina moja ambayo kwenye notisi inapewa mstari mmoja halafu basi, ile ya jukwaani. Ukumbi unajua, mhusika hajui. Ukitaka kuielewa usisome maelezo, soma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969. Fikiria umekaa ukumbini. Wewe ni Mtanzania, shule ya msingi ulifundishwa vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, unajua ilivyoisha. Pazia linafunguka, watu wamechoka na kazi za shuruti kwenye mashamba ya pamba, wamechoka na kiboko, na mtu mmoja, huyo Kinjeketile, anaingia mtoni anatoka na habari kwamba kuna maji yatageuza risasi. Wanashangilia. Wanacheza. Na wewe kwenye kiti unajua. Kila wakishangilia zaidi wewe unazidi kunywea. Hakuna aliyekuambia chochote jukwaani, mwandishi hajakukonyeza, kilichofanya kazi ni historia uliyokuja nayo kichwani kutoka nyumbani.

Halafu anaongeza kisu kingine. Kinjeketile akiwa amepandwa na mzimu anatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akizinduka akaambiwa alichosema anaishiwa nguvu, maana watu wanataka kumtoa Mjerumani na ujumbe huohuo wa ukombozi unawapeleka kwa Sultani wa Zanzibar. Neno limetoka kinywani mwake mwenyewe na tayari limeshaenea, hawezi kulirudisha. Na mwisho akiwa amefungwa, Mjerumani anamtaka aseme tu kwamba maji ni uongo. Yeye mwenyewe ameshakuwa na mashaka nayo! Anakataa. Kwa sababu akisema hivyo, watoto watakuja kuambiwa kwamba na kupigania uhuru kulikuwa uongo. Kwa hiyo mtu anashikilia kitu asichokiamini ili kitu anachokiamini kisife. Mi nimekaa na hilo miaka ishirini sijalimaliza.

Na kwa wale wanaosema hawaelewi hii ya ukumbi kujua na mhusika kutojua, pandeni juu kwenye jibu la kwanza kabisa la uzi huu, msome na la pili linalolifuata. Sisi wote hapa tuko ukumbini. Nisiseme zaidi.

Mfaranyaki_Songea

Samahani kaka Udongo, nimesoma kwa utulivu lakini hapo kwenye Maji Maji mimi nimekwama. Kwetu Songea kila Februari 27 tunakwenda kuwakumbuka wazee walionyongwa na Wajerumani 1906, kuna kaburi la pamoja pale makumbusho, na mimi ukoo wangu umo. Nyie mnakaa hapa mnasema kinaya kinaya mnacheka glasi na daku halafu kwenye mstari uleule mnaleta maji. Walioamini yale maji hawakuwa wajinga wa kuchekwa na watu wa ukumbini. Walikuwa watu wa makabila ambayo jana yake walikuwa maadui, wakakubali kusimama pamoja kutoka Matumbi mpaka Ungoni. Mngetafuta mfano mwingine.

Udongo_Jukwaani

Kaka nimekusoma, na nisamehe kama nimeandika kwa wepesi, nilivyoandika "anaongeza kisu" nilikuwa nasema kisu cha kwangu mtazamaji. Sikumaanisha kucheka. Nadhani hapa ndo tatizo la hii mada lilipo, tumeanza na glasi kwa hiyo inaonekana kama kinaya ni ndugu wa kichekesho. Siyo lazima. Siku tuliyocheza sisi ile ya Kinjeketile hakuna aliyecheka pale ukumbini. Kulikuwa na mama mmoja mstari wa mbele aliinama hakuinua kichwa mpaka taa zikawaka.

Na hilo ulilosema wewe ndilo lenyewe bwana. Maji hayakuzuia risasi. Ila kitu ambacho hakuna chifu aliyeweza kukifanya peke yake, kuwaweka watu wa makabila mengi upande mmoja, maji yaliweza. Uongo ukafanya kazi ya kweli. Mi hiyo siwezi kuiita jina lingine.

Mfaranyaki_Songea

Hiyo ya mwisho nimeipokea. Ila "uongo" hapana, sema imani. Tuendelee.

MwalimuWaMakueni

Mjadala umenoga, nimeghairi kulala. Ndugu wa Songea ameniokoa kazi kwa sababu wanafunzi wangu wakiona kinaya wanatafuta mahali pa kucheka, na wasipopaona wanaandika "hakuna kinaya".

Dada, nakupa mfano mmoja tu wa kauli halafu nikuache usome. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ikatoka 1963, mkiipata isomeni. Kuna mahali Caesar ameuawa, Brutus na wenzake ndio waliomuua, na Antony rafiki wa marehemu anaomba aruhusiwe kuzungumza mazishini. Brutus anamruhusu kwa sharti, asiwalaumu wauaji. Sasa angalia mtu aliyefungwa mdomo anavyofanya. Anapanda, anasema Caesar alileta mateka Roma na fidia zao zikajaza hazina ya umma, lakini Brutus anasema Caesar alikuwa mwenye tamaa ya ukuu, na Brutus ni mtu wa heshima. Anasema Caesar alipewa taji mara tatu akalikataa mara tatu, lakini Brutus anasema alikuwa na tamaa, na kwa hakika Brutus ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza umati unaitikia kichwa, ndiyo, ni wa heshima. Mara ya pili wanatazamana. Kufikia mwisho, neno lilelile bila kubadilika hata herufi, limekuwa tusi, na wanakimbilia kuchoma nyumba za hao watu wa heshima. Antony hajavunja sharti! Ukimpeleka mahakamani atakuambia mimi nilimsifu.

Ndiyo maana babu alipouliza Shaaban Robert angesema waziwazi ingekuwaje, nilitikisa kichwa peke yangu hapa. Mwenye uhuru wa kusema hahitaji sana kinaya, anatukana tu anamaliza. Mkwe mbele ya mavyaa, karani mbele ya gavana, Antony mbele ya Brutus, hao ndio mafundi.

Kwa mtihani, usiandike "hii ni kejeli kwa sababu ni kinyume". Kinyume na nini? Mtajie msahihishaji kilichotarajiwa, mtajie kilichotokea au kilichomaanishwa, halafu useme nani alijua na nani hakujua. Ukishindwa kujaza hilo la tatu si lazima uwe umekosea, maana viatu vya fundi havina wa kujua wala kutojua, lakini kwenye tamthilia karibu kila mara lipo.

Babu_Chumbageni

Mwalimu umenena. Na Abunuwasi msimsahau, yule alikuwa Antony wa kwetu. Kaazima sufuria kwa jirani, kalirudisha na kisufuria kidogo ndani, jirani kauliza hiki nini, kaambiwa sufuria lako limezaa. Jirani kachukua vyote viwili kimya, mtu haulizi maswali kwenye faida. Mara ya pili kaazima hakurudisha, akaambiwa pole sana, sufuria lako limefariki. Jirani kapiga kelele, sufuria linakufaje? Abunuwasi kamjibu, lilipozaa mbona hukuuliza. Tulikuwa tunaambiwa hii tukiwa wadogo tunacheka sufuria kufa. Nimekuja kuwa mtu mzima ndo nikaona mtego wote jirani kaujenga mwenyewe kwa mkono wake, siku alipokipokea kile kisufuria.

DadaWaKibanda

Jamani ngoja kwanza. Nimefunga kibanda, nimekaa nimesoma uzi wote kutoka juu taratibu, nikafika pale kaka Udongo aliposema turudi kwenye jibu la kwanza.

Nimerudi.

Mtu_Pori wewe!! Yaani mi jana nimekesha na zile notisi kurasa kumi na nne, mtoto ananiuliza mama hulali namwambia kuna kaka kanishauri vizuri sana, na asubuhi nikakuandikia na ujumbe wa pembeni kukushukuru na kukuombea kwa Mungu! Na hawa wote walikuwa wanaona wamenyamaza! Babu na wewe na kilemba chako cha ukoka kumbe ulikuwa unanitazama mimi!

Babu_Chumbageni

Mwanangu mimi nilikuwa nazungumzia kilemba kwa ujumla tu.

Mtu_Pori

Dada nisamehe, ile dua yako niliisoma nikakosa raha siku nzima, nikawa natafuta pa kuanzia kukuambia. Wiki ijayo ukiulizwa mfano wa kejeli andika wangu, na ukinikosesha alama niambie.

DadaWaKibanda

Nimeshauandika. Na hapo kwenye nani alijua na nani hakujua nimejaza jina langu.